Mizani Bila Kalenda
Kwa miaka mingi ya karne ya 20, madaktari walimpima mtoto mchanga kwa mizani peke yake. Daktari Arvo Ylppö wa Ufini alitumia mpaka wa gramu 2,500, na mwaka 1948 Shirika la Afya Duniani likaupitisha: aliyezaliwa na uzito huo au chini yake alihesabiwa njiti. Kipimo hicho, kwa maoni yangu, kiliwaficha watoto waliotimiza miezi yao yote tumboni lakini wakakosa lishe ya kutosha kupitia kondo la nyuma. Na ushahidi ulikuwapo tayari. Katika njaa ya Uholanzi ya 1944 hadi 1945, wanawake waliokosa chakula miezi ya mwisho ya ujauzito walijifungua watoto ambao uzito wao ulipungua takriban gramu 300 kwa wastani.

Mwaka 1963 Lula Lubchenco na wenzake wa Denver, Marekani, walichapisha chati ya uzito kwa kila wiki ya mimba, kuanzia ya 24 hadi ya 42. Chati hiyo ina kasoro ya kweli: Denver iko takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na watoto wa nyanda za juu huzaliwa wadogo kidogo. Tena, mtoto mdogo si lazima awe amedumaa. Huenda amerithi umbo la wazazi wake. Lakini hoja hizo zinadai chati bora, haziitetei mizani pekee. Mwenye kilo 2 katika wiki ya 34 huhofiwa zaidi mapafu. Mwenye kilo hizohizo katika wiki ya 40 huhofiwa kushuka kwa sukari, na chanzo hutafutwa kwenye kondo, shinikizo la damu au malaria ya mama.