Walioshuka Ukerewe, waliopotelea Shinyanga

Kabla ya kuitaka Mwanza, Waingereza waliutaka mchele. Kisiwa cha Ukerewe kilikuwa ghala la Wajerumani upande huu wa Ziwa Victoria, na chakula chake kilisafiri hadi kwa askari wa Tabora. Ndiyo maana Juni 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza walishusha askari kisiwani humo na kukiteka.

Mwezi uliofuata ikawa zamu ya Mwanza. Kikosi cha Brigedia Jenerali Charles Crewe kilishuka ufukweni nje ya mji, na tarehe 14 Julai mji ukawa wake. Wajerumani walikimbia kwa vyombo vyao kuelekea kusini, kupitia ghuba inayoitenga Mwanza na nchi ya Geita, wakavizamisha wenyewe na kuendelea kwa miguu. Wakati huohuo Wabelgiji, washirika wa Waingereza, walikuwa wameshafika Biharamulo. Majeshi yote mawili yakaikazia macho Tabora, na Waingereza wakapita Shinyanga.

Hapa vitabu vya vita huanza kukimbia: Shinyanga mwishoni mwa Agosti, Tabora Septemba 19, Wabelgiji wakiwa wa kwanza na Crewe amechelewa. Ila jeshi lilitembeaje? Reli ya kutoka Tabora kwenda Mwanza ilifika 1928. Mwaka 1916 kila risasi, kila gunia la unga na kila sanduku la dawa vilikwenda kichwani mwa mtu, tena katikati ya kiangazi, nyakati ambazo Shinyanga hata ng'ombe hutafutiwa maji.

Wasukuma na Wanyamwezi walikuwa mabingwa wa kazi hiyo. Vizazi kabla ya vita, kijana aliyekwenda pwani na mtumba begani alirudi na nguo, jembe na sifa ya kuoa. Alikwenda kwa hiari na kwa ujira waliopatana. Vita viliigeuza kazi ya heshima kuwa ya kukamatwa. Kila jeshi, la Mjerumani, la Mwingereza na la Mbelgiji, lilichukua wanaume kijijini, na mara nyingi mtemi ndiye aliyetakiwa kuwatoa.

Wapagazi waliokufa kwa risasi walikuwa wachache. Kuhara damu, malaria na kichomi ndivyo vilivyomaliza watu, pamoja na posho ya unga ambao haukuiva vizuri. Upande wa Waingereza pekee, wapagazi waliofariki katika vita vyote vya Afrika Mashariki hukadiriwa kuwa karibu 100,000. Ni makadirio, kwa sababu wengi hawakuandikwa walipoanguka. Walifukiwa kando ya njia, kama walifukiwa.

Linganisha na dhahabu. Mwaka huohuo wa 1916 Wajerumani wa Tabora walipoishiwa fedha, walichukua dhahabu ya mgodi wa Sekenke wakagonga sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Zilitoka 16,198. Hesabu hiyo inajulikana hadi leo, na wakusanyaji wa sarafu wanaweza kukueleza hata tofauti ndogo za nakshi zake. Serikali ile iliyojua idadi ya vipande vyake vya dhahabu haikuacha hesabu kama hiyo ya vijana waliobeba mizigo yake. Waingereza walioishinda hawakufanya vizuri zaidi. Baada ya vita waliweka sanamu ya askari Dar es Salaam, mwaka 1927, wakaona imetosha kwa wote, na makaburi ya wapagazi yakaachwa yamezwe na pori.

Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao Waafrika, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza, Ben Wallace, aliomba radhi bungeni. Radhi ni kitu, lakini haimpi jina mtu wa Shinyanga au Geita ambaye hakuandikwa popote.

Jina hilo, kama bado lipo, lipo nyumbani. Wasukuma huwaita wahenga wao kwa majina wanapotambika, kwa hiyo zipo koo ambazo huenda bado zinamtaja babu aliyechukuliwa na Wadachi (Wajerumani) au Wangeleza (Waingereza) asirudi. Ukiwa na mzee wa namna hiyo, muulize mwaka huu: jina, utemi, nani alimchukua, alionekana mwisho wapi. Andika, kisha peleka nakala Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora.