Maungio, si Kiolesura Jozi

Wanaoandika "kiolesura jozi" wakitafsiri "binary interface" ya Kiingereza wameoanisha maneno mawili mazuri wakapata istilahi mbovu. Kiolesura kimebeba ndani yake sura, neno tulilolipokea kutoka Kiarabu kwa maana ya umbo na wajihi, nalo linafaa pale mtumiaji anapotazama skrini na kubofya. Lakini mpaka ambapo programu kuu hukutana na programu-jalizi iliyokwisha kukompailiwa hauna sura, wala hakuna anayeutazama. Ni makubaliano ya vipimo: thamani zipitie rejista zipi, muundo wa data uwe na baiti ngapi, kila uga uanzie wapi. Nalo jozi, kwa Mswahili yeyote, ni viwili vinavyokwenda pamoja. Lakini hapa "binary" haihesabu viwili. Inataja msimbo uliogeuzwa kuwa lugha ya mashine. Kamati zinazoridhia neno kama hilo hutafsiri kamusi, hazitafsiri kitu.

Istilahi ninayoitetea ni maungio ya msimbo wa mashine, kwa kifupi maungio. Mzizi wake ni wa Kibantu na umezaa ukoo mkubwa: kuunga, kuungana, kiungo, muungano. Seremala huunga mbao, mpishi huunga mchuzi. Umbo la ma- mwanzoni na -io mwishoni huweza kutaja mahali pa tendo: machinjio ni pa kuchinjia, makimbilio ni pa kukimbilia. Maungio basi ni mahali vitu viwili vinaposhikana, na vikikosa kulingana hapo, havishikani, hata kila kimoja kikiwa kizima.

Msomaji wa Mabwerebwere, Kilosa au Mikumi ana ushahidi wa hilo karibu naye. Reli ya Kati waliyoijenga Wajerumani ina upana wa milimita 1,000, na tawi lake linatoka Kilosa kupitia Mikumi hadi Kidatu. Reli ya TAZARA, iliyokamilika mwaka 1975, ina milimita 1,067. Shehena ni ile ile, lakini milimita 67 zinatosha kulizuia behewa, ndiyo maana mwaka 1998 kilifunguliwa Kidatu kituo cha kuhamishia mizigo kati ya njia hizo mbili. Sasa reli mpya ya SGR nayo inapita Kilosa kwa milimita 1,435. Programu huvunjika kwa namna hiyo hiyo. Tuseme msimbo chanzo wa programu-jalizi haujaguswa hata herufi moja. Programu kuu ikiongeza uga mmoja katikati ya muundo wa data, programu-jalizi ya zamani itasoma mahali pasipo pake. Mwaka 2015 kompaila ya GCC, toleo la 5, ilibadili mpangilio wa mifuatano ya herufi ili kutimiza kanuni za lugha ya C++ za mwaka 2011, na watunzaji wake wakaacha mipangilio yote miwili, wa zamani na mpya, ndani ya maktaba moja. Hayo ni maungio mawili, na Kiswahili kinayataja bila kujikwaa. Anayeshika istilahi ya kamati atalazimika kusema "violesura jozi viwili", na msomaji atahesabu vinne.

Nitaambiwa kiolesura kimeshazoeleka. Kibaki basi kwenye skrini, kilikozoeleka. Mazoea ya mahali pamoja hayahalalishi upotoshaji mahali pengine. Nitaambiwa maungio ni ya mwili. Ndiyo, na ndiyo nguvu yake, kwa kuwa kila mtu anajua kiungo kilichoteguka huumiza mwili mzima ingawa mfupa haukuvunjika. Wengine watataka tukope neno la Kiingereza tumalize. Kukopa si dhambi, kompaila yenyewe tumeikopa. Lakini mkopo huo hautamwambia mwanafunzi ni nini kilichokatika, ilhali neno letu linamwambia.

Kwa matumizi, inatosha kusema: maungio yakibadilika, pandisha namba ya toleo lake, programu kuu iikatae programu-jalizi isiyolingana kabla ya kuipakia, kisha programu-jalizi hiyo ikompailiwe upya. Maagizo hayo matatu yanaeleweka kwa sababu neno lenyewe limeshataja panapokaguliwa. Istilahi isiyoweza kubeba maagizo ya kazi haistahili kuidhinishwa, hata ikipigiwa kura na kikao kizima.