Makao ya wazee Marekani: Fomu ya afya inapoficha ukweli

KATIKA makao ya kuwauguza wazee nchini Marekani, hali ya afya ya kila mkazi hunakiliwa katika fomu ya kitaifa ijulikanayo kwa ufupi kama MDS. Fomu hiyo ni zao la sheria iliyopitishwa mwaka wa 1987, kufuatia malalamiko kuhusu huduma duni. Toleo la tatu lilianza kutumika Oktoba 2010.

Mkazi mpya hutathminiwa kikamilifu katika muda wa siku 14. Baadaye hukaguliwa kila miezi mitatu, na kutathminiwa upya kila mwaka au hali yake ibadilikapo sana. Muuguzi aliyesajiliwa ndiye msimamizi wa zoezi hilo, akitegemea pia kumbukumbu za kila siku za wasaidizi, ambao miongoni mwao wamo Wakenya wengi.

Fomu huuliza iwapo mzee anaweza kula, kuvaa na kutembea pasi na msaada, na iwapo ana maumivu, ana vidonda au ameanguka. Uwezo wake wa kukumbuka hupimwa kwa alama 0 hadi 15. Anayepata 7 au chini ya hapo huhesabiwa kuwa ameathirika vibaya.

Majibu hayo yana kazi tatu: huongoza mpango wa matunzo, huchangia kuamua malipo ya bima ya serikali ya Medicare, na huingizwa katika hesabu ya nyota 1 hadi 5 ambazo makao hutunukiwa tangu Desemba 2008. Hapo ndipo penye utata, kwani wanaojaza fomu ni waajiriwa wa makao yale yale yanayopimwa.

Utafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago uliochapishwa mwaka wa 2020 ulilinganisha fomu hizo na bili za hospitali. Kati ya visa 150,828 vya wazee kuanguka na kujeruhiwa vibaya, ni asilimia 57.5 pekee vilivyoripotiwa.

Kisa kisipoandikwa, mpango wa matunzo haurekebishwi na mzee huweza kuanguka tena. Familia nayo huchagua makao kwa nyota zisizostahili.

Sheria huwatoza faini wanaotia saini taarifa za uongo kimakusudi. Aidha, mkazi ana haki ya kuomba rekodi zake na kuonyeshwa katika muda wa saa 24, wikendi na sikukuu zisipohesabiwa.