Nyumba ya Ndoa na Gharama za Kuidai

Tukiulizwa ni jambo gani linaloonyesha kwa uwazi jinsi jamii inavyoipima kazi ya mwanamke, tutajibu kuwa ni nyumba: ndoa inapovunjika, nani anabaki ndani na nani anafungasha. Swali hilo lina historia ndefu katika nchi yetu, na si historia ya mstari mmoja ulionyooka kama wengine wanavyodhani.

Yako mazoea ya kusema kuwa tangu kale mwanamke wa Kiafrika akiachwa alitoka na nguo alizovaa tu. Kauli hiyo ina ukweli katika makabila yanayofuata ukoo wa baba, ambako mke alihamia kwa mumewe na ardhi ilikuwa ya ukoo wa mume. Lakini tutazame Uluguru, na kusini kwa Wamakua na Wamakonde. Huko ukoo ulifuata upande wa mama, na kwa desturi mume ndiye aliyekwenda kukaa kwa wakwe. Yakiharibika, mwenye kutoka alikuwa yeye. Tutazame pia miji ya kale ya mwambao. Huko Lamu, baba mwenye uwezo alimpa binti yake nyumba anapoolewa, na pengine alimjengea orofa juu ya nyumba ya wazazi, au chumba cha wikio kilichovuka njia na kuziunganisha nyumba za ndugu. Bwana harusi aliingia katika nyumba ya mkewe, na siku ya talaka alikusanya kanzu zake akarudi kwao. Mwenye kudai kuwa mke kutoka nyumbani ndiyo mila ya Mwafrika, basi, sharti kwanza atuambie ni Mwafrika wa wapi.

Gharama nazo zilikuwapo kabla ya mahakama za serikali. Palipotolewa ng'ombe za mahari, kuvunja ndoa kulileta hesabu ya ng'ombe: wangapi warudi, na ndama waliozaliwa ni wa nani. Hesabu hiyo mara nyingi ilimzuia mwanamke kuliko sheria yoyote. Baba yake aliyekwisha kuzitumia ng'ombe zile kumwozea mwanawe wa kiume hakuwa na la kurudisha, naye binti akaambiwa avumilie. Amri ya mwaka 1963 ya kutangaza sheria za mila, iliyohusu makabila ya ukoo wa baba, iliyaweka mambo hayo ya mahari na talaka katika maandishi. Kwa hiyo mwanamke alikuwa akilipia talaka yake hata pale ambapo hakuna karani aliyemwandikia risiti.

Mwaka 1969 Serikali ilitoa waraka wa mapendekezo ya kuwa na sheria moja ya ndoa, nao ukajadiliwa na wananchi. Matokeo yake ni Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika Tanzania Bara. Sheria hiyo iliweka mambo mawili makubwa kuhusu nyumba. Kifungu cha 59 kinamkataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa, kuigawa bure, kuikodisha au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake. Kifungu cha 114 kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja, kwa kuangalia mila za wahusika, mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, madeni waliyoingia kwa faida yao wote, na mahitaji ya watoto wadogo.

Mchango wa kazi! Neno hilo fupi lilizua mgogoro wa zaidi ya miaka kumi. Majaji wa Mahakama Kuu waligawanyika. Wako waliosema kuwa kupika, kufua na kulea ni wajibu wa mke, na mtu hapati hisa kwa kutimiza wajibu wake. Wengine walisema kuwa mume asingeweza kuweka hata tofali moja juu ya jingine kama pasingekuwa na mtu wa kumtunzia nyumba na watoto. Mwaka 1983 suala hilo lilifika Mahakama ya Rufani, iliyokuwa na umri wa miaka minne tu. Mdai alikuwa mwanamke wa Dar es Salaam ambaye shauri lake lilianza katika Mahakama ya Mwanzo. Mahakama, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliamua kuwa kazi za nyumbani ni mchango katika kuchuma mali ya familia.

Yeye mwenyewe lakini hakupata kitu. Ilionekana kuwa mumewe alikuwa amempa fedha za kuanzisha biashara kwa manufaa ya familia, naye hakuzitumia ipasavyo, na mahakama ikaona kuwa hasara hiyo imeufuta mchango wake. Aliwashindia wanawake wote wa Bara waliokuja baada yake, na yeye akarudi mikono mitupu. Tunadhani wanafunzi wanaokariri hukumu hiyo wangefaa kumkumbuka zaidi, kwani alipanda ngazi zote za mahakama, na kila ngazi ina malipo yake.

Malipo hayo ndiyo sehemu ya historia hii isiyosimuliwa. Kwa miaka mingi mawakili hawakuruhusiwa katika Mahakama za Mwanzo, na jambo hilo liliwafaa wanyonge: mtu alisimama mwenyewe akaeleza kwa Kiswahili. Kabla ya hapo alipita Baraza la Usuluhishi la Ndoa, ambalo sheria inalitaka lijaribu kuwapatanisha. Upande wa pili ukikata rufaa ndipo mambo hugeuka. Pana ada ya kufungua, nakala za mwenendo na hukumu, nauli za mashahidi, malipo ya mthamini wa nyumba, na ujira wa wakili. Aliyebaki ndani ya nyumba hana haraka. Kama ni nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita na ukumbi katikati, anapangisha vyumba vinne, na kodi ya wapangaji inamlipia wakili. Aliyetoka analipa pango kwingine, na nauli ya kwenda mahakamani anaikopa. Hivyo nyumba inayogombaniwa humgharimia mmoja wa wagombanao! Wazee wetu walisema mnyonge hana haki. Tungeongeza kuwa mara nyingine haki anayo, ila nauli hana.

Kanuni ya kawaida katika madai ni kuwa aliyeshindwa hulipa gharama za mwenzake. Katika mashauri ya ndoa mahakama zetu mara nyingi huamuru kila upande ubebe gharama zake, ili uhasama usizidi kati ya watu wenye watoto pamoja. Nia yake ni njema. Hata hivyo, mzigo mmoja hauwi sawa kwa mwenye punda na kwa mwenye kichwa kitupu. Tena nyumba haigawanyiki kama gunia la mpunga. Ama mmoja amlipe mwenzake thamani ya fungu lake, ama iuzwe, na nyumba inayouzwa kwa haraka huuzwa kwa bei ya hasara. Tumewaona waliomaliza shauri wakiwa na hukumu nzuri, na mgao uliotosha kulipa madeni ya shauri lenyewe.

Majirani zetu wa Kenya waliendelea kutumia sheria ya Kiingereza ya mwaka 1882 hadi walipotunga yao mwaka 2013, na mwaka 2023 Mahakama yao ya Juu ilitamka kuwa nusu kwa nusu haiji yenyewe bali mchango sharti uthibitishwe. Kuthibitisha nako kuna gharama. Nani anaweka risiti za miaka ishirini ya kuteka maji?

Kwetu, vyama vya wanasheria wanawake vimewasaidia wengi bila malipo, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua wasaidizi wa kisheria. Mwaka 2021 Kiswahili kilifanywa kuwa lugha ya mahakama katika ngazi zote. Hukumu ile ya mwaka 1983, iliyohusu jiko, beseni la kufulia na ulezi wa watoto, iliandikwa kwa Kiingereza.