Binti wa Miaka 16 Mbele ya Sheria Nne

Tumfikirie binti wa miaka 16 anayesoma kidato cha pili katika shule yoyote ya Tanzania Bara. Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, yeye ni mtoto, kwani hajatimiza miaka 18. Kwa Sheria ya Elimu, kama ilivyorekebishwa 2016, mwanamume atakayemuoa angali mwanafunzi wa msingi au sekondari anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Sheria ya Ndoa ya 1971 nayo inasema mwanamke anaweza kuolewa akifikisha miaka 15, mradi mzazi wake ameridhia, hivyo binti huyu ameshapita umri huo kwa mwaka mzima. Kanuni ya Adhabu, baada ya marekebisho yaliyoletwa na sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998, inahesabu kuwa ni ubakaji kumwingilia msichana wa chini ya miaka 18 hata kama amekubali. Lakini inaweka msamaha mmoja: kama msichana huyo ni mke wa mhusika na ametimiza miaka 15.

Sheria hizi zikisomwa mojamoja, kila moja inaonekana kuwa na mantiki yake. Zikisomwa kwa pamoja, inadhihirika kwamba kinachomlinda binti huyu ni jina lake kuwamo katika daftari la mahudhurio. Jina likifutwa, kinga ya Sheria ya Elimu inaondoka nalo, na tendo ambalo jana lingempeleka mwanamume gerezani kwa miaka 30 leo linaweza kufanyika kwa shangwe na vigelegele.

Kusoma sheria kwa namna hiyo, kwa kuanzia kwenye maisha ya mwanamke mmoja na kuuliza ni milango mingapi inamfungukia au kumfungia, ndio mchango mkubwa wa wanazuoni wa kifeministi nchini. Kazi hiyo ina historia ndefu kuliko inavyosemwa na wale wanaoiona kama fasheni iliyoletwa na wafadhili. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Marjorie Mbilinyi, ambaye baadaye alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa TGNP, shirika linalotetea usawa wa kijinsia, alitafiti mitazamo ya wasichana wa Tanzania kuhusu elimu, na pia mitazamo ya baba zao. Kuwahoji baba kulikuwa na maana kubwa. Kulihamisha lawama kutoka kwa msichana anayesemekana hapendi shule na kuielekeza nyumbani, kwa mwenye kuamua nani asome na nani abaki. Baadaye, TAMWA ya waandishi wa habari iliyoanzishwa 1987 na TAWLA ya wanasheria iliyofuata muda mfupi tu baadaye ziliyapeleka maswali ya aina hiyo magazetini na mahakamani.

Haki inadai isemwe pia kwamba Sheria ya Ndoa ilikuwa ya kimaendeleo kwa wakati wake. Iliziweka ndoa za dini, za kimila na za kiserikali chini ya sheria moja, na ikawakataza wanandoa kupeana adhabu ya viboko. Kifungu chake cha 114 kiliiruhusu mahakama kugawanya mali iliyochumwa na wanandoa kwa juhudi za pamoja. Lakini juhudi ni zipi? Kupika, kufua, kulea na kuuguza navyo vimo?

Mahakama ya Rufani ilijibu mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Jaji Mkuu Francis Nyalali alisema ndiyo: kazi za nyumbani ni mchango katika upatikanaji wa mali ya ndoa. Kanuni hiyo imewasaidia wanawake wengi tangu hapo. Bi Hawa mwenyewe, hata hivyo, hakupata kitu. Mahakama iliona kwamba mumewe alikuwa amempa fedha za kuanzisha biashara naye akazitumia vibaya, kwa hiyo fungu lake likahesabiwa limeshaliwa. Shauri hili linastahili kufundishwa pamoja na mwisho wake huo, kwa sababu kanuni njema inaweza kuzaliwa mahakamani huku aliyeizaa akirudi nyumbani mikono mitupu.

Huko Kagera kulitokea jambo jingine. Bi Holaria Pastory alirithishwa ardhi ya ukoo na baba yake kwa wosia. Mwaka 1988, akiwa amezeeka na hana wa kumtunza, aliiuza kwa shilingi 300,000. Mpwa wake, Bernardo Ephrahim, akamshtaki katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, wilayani Muleba, akidai kwamba kwa mila ya Wahaya mwanamke hana mamlaka ya kuuza shamba la ukoo. Mwanamume wa ukoo huohuo angeweza kuuza. Mahakama ya Mwanzo ilikubaliana na mpwa, Mahakama ya Wilaya ikakataa, na shauri likafika Mahakama Kuu Mwanza. Februari 1990 Jaji James Mwalusanya aliamua kwamba mila hiyo inapingana na Katiba, ambayo ilikuwa imeingiziwa haki za binadamu mwaka 1984. Uuzaji ukabaki halali.

Wanaopinga uamuzi wa aina hiyo husema kwamba mahakama inaingilia utamaduni. Ni hoja ya kujibiwa kwa heshima, maana watu wana haki ya kuishi kwa desturi zao. Lakini mila aliyoitegemea Ephrahim ilikuwa imeandikwa na kutangazwa na serikali yenyewe mwaka 1963, katika mpango wa kuunganisha sheria za kimila. Kilichokuwa kikijadiliwa na kubadilika barazani kiligandishwa kwenye tangazo la serikali, na mwanamke wa leo anaambiwa asiguse urithi wa mababu. Shinyanga nako, wajane wawili walipopinga sheria hizohizo za urithi, Mahakama Kuu ilisema mwaka 2006 kwamba mila haziwezi kubadilishwa kwa tamko la mahakama. Rufaa yao ikakwama mwaka 2010 kwa sababu za kiufundi. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake iliamua kwamba Tanzania imekiuka haki zao.

Turudi kwa binti wetu. Mwaka 2016 Rebeca Gyumi, mwanzilishi wa Msichana Initiative, alifungua shauri Mahakama Kuu akipinga vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa, vinavyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi wakati mvulana anangojea hadi 18, na hata akiwa na miaka 14 kwa kibali cha mahakama. Julai mwaka huo jopo la majaji watatu lilivitangaza kuwa vinapingana na Katiba na kuipa serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Serikali ilikata rufaa. Tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani iliitupa rufaa hiyo. Hadi 2024, Bunge lilikuwa bado halijabadilisha vifungu hivyo.

Wakati huohuo, kanuni za elimu za 2002 zilikuwa zinaruhusu kumfukuza mwanafunzi aliyetenda kosa dhidi ya maadili au aliyeingia katika ndoa. Sheria moja ilimruhusu msichana kuolewa, nyingine ikamwadhibu kwa kuolewa. Mimba haikutajwa kwa jina, ila kwa miaka mingi shule ziliichukulia kuwa ndilo kosa la maadili lenyewe. Wasichana walipimwa mimba shuleni na kuondolewa, wakiwemo waliobakwa. Juni 2017 Rais John Magufuli alitamka akiwa Chalinze kwamba katika uongozi wake hakuna aliyejifungua atakayerudi shuleni. Novemba 2021 Waziri wa Elimu, Joyce Ndalichako, aliondoa zuio hilo kwa waraka. Mwaka uliofuata, kamati ya wataalamu ya Umoja wa Afrika kuhusu haki na ustawi wa mtoto iliamua kwamba kuwapima wasichana mimba kwa lazima na kuwafukuza kulivunja haki zao.

Waraka ule umewarejesha wasichana wengi darasani, na ni wa kupongezwa bila kusita. Hata hivyo, waraka ni agizo la utawala. Waziri mwingine anaweza kuuondoa kwa waraka mwingine, na msichana aliye kidato cha pili leo anahitaji uhakika wa kufika kidato cha nne chini ya waziri yeyote.

Ndiyo maana mageuzi ya vipandevipande hayatoshi. Bunge lipandishe umri wa ndoa hadi miaka 18 kwa wote, kama mahakama mbili zilivyokwisha kuelekeza. Liufute msamaha wa mke wa miaka 15 katika Kanuni ya Adhabu, kwa sababu msamaha huo ukibaki, ndoa yoyote iliyofungwa kinyume cha sheria itautumia kama kichaka. Liandike haki ya kurejea shuleni ndani ya Sheria ya Elimu yenyewe. Na vitivo vya sheria na vya elimu katika vyuo vikuu vyetu viwafundishe wanafunzi wao kuzisoma sheria hizi nne katika chumba kimoja, kwa sababu binti anayezungumziwa ni yuleyule mmoja.