Meneja wa bidhaa na meneja wa mradi

Vyeo viwili vya kazi ya dijitali ambavyo huchanganywa mara kwa mara, hata katika ofisi za Westlands na Kilimani jijini Nairobi. Meneja wa bidhaa huamua kitu gani kitengenezwe, kwa ajili ya nani na kwa nini. Meneja wa mradi huhakikisha kazi iliyokubaliwa inakamilika kwa wakati na ndani ya bajeti.

M-Pesa, huduma ya pesa kwa simu ya kampuni ya Safaricom, inaonyesha tofauti hiyo vizuri. Majaribio yalianza Oktoba 2005 katikati ya jiji la Nairobi, Mathare na Thika, yakiongozwa na Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone. Lengo lilikuwa wateja wa Faulu Kenya, taasisi ya mikopo midogo, walipe mikopo yao kwa simu. Lakini watu wakaanza kutumiana pesa kwa mahitaji yao wenyewe. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007, mikopo ilikuwa imewekwa kando, na ujumbe ukawa kutuma pesa nyumbani. Huo ndio uamuzi wa bidhaa, na pengine wenye thamani kubwa kuliko teknolojia yenyewe.

Aprili 2015 mitambo ya M-Pesa ilihamishwa kutoka Ujerumani hadi Kenya. Hapa swali halikuwa tena mteja anataka nini. Lilikuwa ratiba, wahandisi, hatari na saa za kusimamisha huduma. Kazi ya mradi, ambayo huisha. Bidhaa huendelea kubadilika maadamu ina watumiaji.

Katika kampuni changa, mtu mmoja mara nyingi hubeba vyeo vyote viwili.