Kiraka

Maana ya kwanza ni ya nguo iliyochanika: kiraka ni kipande kinachoshonewa penye tundu. Lakini mabaki ya vitenge kwa mafundi cherehani wa Kariakoo hayana haja ya tundu. Kata miraba 9 ya inchi 4, ipange safu 3, unganisha uso kwa uso ukiacha robo inchi ya mshono, kisha piga pasi. Umepata mraba wa inchi 11, kabla ya kuunganishwa na mingine kuwa shuka. Hivyo navyo ni viraka, tena vizuri mno! Kwenye soka neno limeshapanda cheo: Erasto Nyoni wa Simba, klabu ya Mtaa wa Msimbazi, aliitwa kiraka kwa kumudu namba nyingi. Tusilitamke tena kwa huruma.